Dakika Kumi na Moja

Ukumbi wa kanisa, Changamwe, Jumamosi asubuhi.
Ramani imebandikwa ukutani kwa selotepu;
pembe moja imebanduka, yapigapiga kila feni ikigeuka.
Mimi ndiye karani. Nimeagizwa niandike maoni,
si hisia.

Mhandisi Mwakio ameshika rula ya mbao.
Mstari mwekundu, asema, ndio treni ya haraka:
Mazeras, Miritini, kisha moja kwa moja hadi kisiwani.
Penye duara jeusi itasimama.
Penye duara tupu itapita.
Analitamka hilo "itapita" kwa upole,
kama daktari asemaye "itauma kidogo".

Jomvu ni duara tupu.
Nimeandika hivyo kwa kalamu ya ofisi,
mimi niliyelala Jomvu jana
na nitakayelala Jomvu leo.

Sudi wa bandarini asimama wa kwanza.
Zamu yake huanza saa kumi na mbili kamili,
na getini pana mashine ya kusoma vidole,
mashine isiyojua udhuru.
Mwezi huu amekatwa mshahara mara mbili.
"Nipeni hizo dakika kumi na moja.
Zanitosha kunywa chai nimekaa."
Makofi. Naandika: Anaunga mkono.
Kikombe chake hakina kisanduku kwenye fomu.

Nyuma mtu arusha: "Haraka haraka…"
na ukumbi mzima wamalizia kwa mazoea,
hata mhandisi, midomo imemponza.
"Baraka hailipi kodi ya nyumba," Sudi ajibu, hajaketi bado.

Umazi, mfagizi wa wodi, ana daftari la mtoto mkononi,
amepiga hesabu zake kwa penseli.
"Jomvu treni nne za asubuhi mwazifanya mbili.
Nikikosa ya kumi na moja unusu, nangoja ya saa moja.
Hiyo saa na nusu
iko wapi kwenye rula yenu?"

Mzee Ndurya, aliyegeuza reli miaka thelathini,
aapa kuwa zamani treni ilisimama hata Kibarani.
Haikusimama, yule jirani yake amkatiza, ilikwama!
Robo saa wanazozana
juu ya treni ambayo wengi wetu hatukuikuta.
Naandika: Mjadala wa kihistoria.

Kisha Bi Riziki, auzaye viazi karai pale kituoni.
Hainuki, goti lamuuma. Azungumzia kitini:
"Mwanangu, mwasema dakika mwaziokoa.
Mie naona mwaziokota.
Na kitu cha kuokotwa
kina mtu aliyekiangusha."

Feni ikageuka. Pembe ya ramani ikapiga ukuta.
Mhandisi akaitazama rula yake pande zote mbili,
kisha akasema hoja imepokelewa.

Ndiyo, arobaini na moja.
Hapana, thelathini na nane.
Nyinginezo, moja: huko ndiko nilikomweka Bi Riziki,
kwa kuwa hakusema ndiyo wala hapana,
na fomu haikuniachia pa kumketisha.

Mimi sikuhesabiwa, karani hana kura.
Ni heri.
Ningeulizwa, ningelazimika kusema
kwamba siku nikichelewa hupanda boda hadi Miritini,
kwamba treni hiyo ikija nitaipanda,
nitakaa upande wa dirisha,
na Jomvu ikifika nitajifanya natafuta kitu mkobani.

Watu walipotoka nilibaki kukunja ramani.
Mkunjo ukaangukia juu ya lile duara.
Najua karatasi: hukunjwa, hukunjuliwa,
na baada ya vikao vitatu vinne
pale penye mkunjo hutoboka.

Nikaikunjua, nikaikunja tena
mara ya pili, mara ya tatu,
mlinzi akinitikisia funguo mlangoni,
mpaka mkunjo ukaangukia baharini.